Kasoro Moja

Albamu tatu katika miaka minne,
na zote nyuzi zake nilizipatanisha mimi,
mtu ambaye jina lake huchapwa ukurasa wa mwisho,
chini ya aliyeleta kahawa.

Ya kwanza Torunn Eikeland aliirekodi Bergen,
mwezi ambao mvua haikupumzika hata kunywa chai.
Mumewe alikuwa ameondoka na sofa.
Kwenye kijitabu aliandika:
"Sikuwa na pa kukaa, nikakaa kwenye piano."
Watu walicheka. Mimi niliiona ile sebule,
alama nne za miguu ya sofa kwenye zulia,
na nikausikia mkono wake wa kushoto
ukirudia sauti mbili, mbili tu,
kama mtu apapasaye swichi gizani
katika nyumba aliyoizoea.

Ya pili ilikuwa na besi na ngoma,
vijana wawili wa Stavanger, ndevu na haraka.
Magazeti yaliisifu. Yeye hakuipenda.
"Tulipiga kama watu wanaokwepa kuulizwa habari za nyumbani."
Lakini katika wimbo wa tano
ngoma zinanyamaza kwa makosa,
naye halizibi pengo.
Analiacha.

Ya tatu ndiyo niliyogombana nayo.

Mamake alifariki Machi, huko Voss,
theluji ikiwa bado ya magotini.
Piano ya mama ikaja kwa lori,
imefungwa mablanketi kama mgonjwa,
ikaingizwa studio, ambako piano nyeusi ya gharama
iliitazama kama mwenye nyumba
amtazamavyo mgeni aliyekuja na godoro.

Nikafunua kifuniko. Vumbi, penseli,
sindano ya kufumia, sarafu zilizokwisha kufutwa.
Noti za katikati zina nyuzi tatu kila moja, kama mafiga:
moja likititia, chungu kinaegama.
Nikaanza. Kabari ya mpira, ufunguo, sikio.
Do ikakubali. Re. Mi nikaibembeleza.
Nilipofika La
akatoka nyuma ya kioo, viatu mkononi.

"Hiyo usiipatanishe."

Nikamwambia imeshuka, hata kiziwi ataisikia.
Akasema, "Mama alifundisha watoto wa mtaa mzima
kuimba kwa noti hiyo hiyo.
Nilipofika chuo nikaambiwa nina sikio bovu.
Sikuwa na sikio bovu, Gaute.
Nilikuwa na kwetu."

Miaka thelathini na moja nimekula kwa kusawazisha.
Hata mezani nasogeza uma ulale sambamba na kisu.
Leo naambiwa niliache kosa lilale lilivyolala
na nidai malipo kamili.

Nikaipatanisha piano nzima kuizunguka La,
kama ukoo unavyojipanga
kumzunguka shangazi asiyetaka kusamehe.

Usiku ule alipiga mara moja, hakurudia.
Kila vidole vilipoifikia
ilitetema kidogo, kama taa ya chumba cha pili
ambayo mtu amesahau kuizima,
au hakusahau.
Kijana wa mitambo alinigeukia, nyusi juu.
Nikajifanya natafuta kabari yangu sakafuni.
Nilikaa huko chini muda mrefu kuliko kabari ilivyostahili.

Kijitabu cha albamu hiyo hakina maneno mengi.
Mama hatajwi. Voss haitajwi.
Ukurasa wa mwisho, chini ya kahawa:
"Nyuzi: Gaute Myrvang. Zote, kasoro moja."

Juzi mwalimu mmoja wa Ålesund alinipigia simu,
mtu wa adabu, alikohoa kwanza.
Akauliza kama, samahani sana,
kwa umri wangu huu,
masikio yameanza kunitupa.

Nikamjibu kwa noti ile ile, chini kidogo ya inavyotakiwa:
La.